Kiranja wa Nyumba ya Wageni

Ijulikane kwa wote, wa karibu na wa mbali, walio macho na walio usingizini, kwamba asubuhi moja yenye ubaridi wa wastani, Mheshimiwa Msafara, mzungukaji wa dunia na rafiki wa mataifa, aliikanyaga kwa mara ya kwanza ardhi ya mji wa tatu katika ziara yake ya kihistoria.

Aliikanyaga kwa soksi. Kiatu cha kushoto alikuwa amekivua njiani ili kupumzisha vidole, na kondakta alipomtikisa bega alishuka vilevile alivyokuwa, begi mgongoni, macho nusu wazi, mguu mmoja umevaa na mwingine haujavaa. Basi lilikwenda kidogo, likasimama, dirisha likafunguliwa, kiatu kikaruka hewani na kutua katikati ya dimbwi.

"Safari njema!" kondakta alipaza sauti.

Mheshimiwa alikiokota kiatu, akakikung'uta, akakivaa kikichuruzika maji, kisha akatazama kulia na kushoto kuona ni nani aliyeshuhudia mapokezi hayo rasmi. Alikuwepo paka tu, naye alijitia hamnazo.

Jina la Msafara alilipata nyumbani. Alipomaliza mtihani wa mwisho na kurudi kutoka shule ya bweni, alisimama sebuleni mbele ya mama yake na dada yake mkubwa, akakohoa kama mgeni rasmi, akatangaza kwamba kabla ya kuanza kutafuta kazi angefanya msafara wa kutembelea miji ya ng'ambo.

"Msafara wa nani na nani?" dada aliuliza bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Wangu."

"Wewe na nani?"

"Mimi."

"Mama, umesikia? Msafara wa mtu mmoja. Mbele yeye, nyuma begi."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu, na kuanzia hapo hakuna aliyemwita tena kwa jina lake. Walimruhusu aende, ila kwa sharti: akiishiwa apige simu, atatumiwa nauli ya kurudi, ya kurudi tu, na dada atampokea kituoni pamoja na binamu wote wakimwimbia nyimbo za kumcheka. Kwa hiyo Msafara alijiapiza kimoyomoyo kwamba angeufikia mji wa pwani, ule wa mwisho kwenye ramani yake, hata kwa kutambaa.

Vijisenti alivyopata kwa kupaka rangi duka la mjomba vilikuwa na tabia ya barafu juani. Ikabidi ajifunze maisha. Alijifunza kwamba mkate wa jana hauna tofauti na wa leo ukiula kwa njaa ya kutosha. Kwamba makumbusho huwa na siku ya kuingia bure, na siku hiyo hata asiyejali mambo ya kale huona ni muhimu kuyajua. Kwamba maktaba ya mji ina kiti, joto, maji na choo safi, na hakuna anayekufukuza mradi kitabu kiwe wazi mbele yako na usikorome. Zaidi ya yote alijifunza kwamba mtu mwenye ufagio mkononi haulizwi amefuata nini.

Hilo la mwisho ndilo lililomfikisha kwa Mama Funguo.

Nyumba yake ya wageni ilikuwa juu ya karakana ya baiskeli. Ukipanda ngazi nyembamba unapanda na harufu ya mpira na grisi mpaka mlangoni, na mlangoni palikuwa na kibao: anatafutwa mtu wa usafi, ujira ni kitanda. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti nyembamba, na shada la funguo lililoning'inia kiunoni lilimtangulia kufika kila alikokwenda. Alimpima kijana kwa macho kuanzia kiatu kilicholowa hadi nywele.

"Unajua kufua shuka?"

"Nimefua shuka sekondari nzima, mama."

"Kufagia?"

"Mama, mimi nimefagia kiwanja cha mpira. Kwa adhabu."

"Adhabu ya nini?"

"Kusingiziwa."

Mama Funguo hakucheka. "Sikiliza, mwanangu. Wageni wangu ni watu waliochoka. Wanalipa kidogo, wanataka usingizi. Vituko sitaki. Siku nikisikia kituko, utabeba begi lako na funguo utaniachia hapa." Alipiga kaunta kwa kiganja. "Ukinifanyia kazi vizuri mpaka msaidizi wangu arudi kutoka likizo, nitampigia simu dada yangu. Ana nyumba kama hii huko pwani, na yeye pia hapati watu wa kufagia."

Msafara alisikia bahari ikivuma ndani ya masikio. Aliapa kwa mama yake mzazi kwamba kituko hajui hata kinavyofanana.

Alipofunguliwa mlango wa bweni la wanaume, alihisi kama amerudi nyumbani. Vitanda vya ghorofa vya chuma. Makabati ya bati yenye milango isiyofungika. Soksi zimetundikwa dirishani kama bendera za nchi zilizoshindwa vita. Ng'ambo ya korido kulikuwa na bweni la wanawake, lililofanana nalo isipokuwa soksi. Wageni walikuwa watu wa kila namna: wanafunzi waliokuwa wakizurura likizo, mafundi wanaohama kufuata kazi, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa akitembelea watoto wake mmoja baada ya mwingine bila kuwaarifu. Walikuja, wakalala siku chache, wakaenda zao.

Ni vizuri msomaji afahamu kwamba katika miaka yote ya shule Msafara hakuwahi kuwa kiranja. Alikuwa yule ambaye viranja waliwekwa kwa ajili yake. Ni yeye aliyeizamisha kengele ya shule ndani ya tangi la maji, shule nzima ikalala hadi jua kali, na mwalimu wa zamu mwenyewe akaamka wa mwisho. Ukaguzi wa bweni aliujua vizuri, lakini aliujua kama samaki anavyolijua jiko.

Basi ikatokea kwamba Mama Funguo alikuwa akiishi upande mwingine wa mji, na asubuhi hakuwa akifika mpaka fundi baiskeli awe amekwishafungua. Na ikatokea kwamba ndugu wawili waliokuwa wameingia jioni walimkuta Msafara koridoni, ameshika ufagio kama fimbo ya cheo, funguo za stoo shingoni.

"Kaka," mmoja aliuliza kwa adabu, "hapa asubuhi kuna utaratibu gani?"

Hakuna aliyemtuma Msafara kusema alichosema. Shetani wake wa zamani, aliyekuwa amelala tangu mtihani wa mwisho, alijinyoosha tu na kupiga miayo.

"Ukaguzi."

"Ukaguzi wa nini?"

"Wa vitanda. Mkisikia kengele, kila mgeni asimame kando ya kitanda chake. Shuka lisiwe na mkunjo. Viatu viangalie mlango."

"Lo! Kwenye mtandao hawakusema."

"Nyumba zenye hadhi hazijitangazi, ndugu yangu."

Alidhani watacheka. Asubuhi alipogonga kifuniko cha sufuria kubwa kwa mwiko, alikuwa tayari kukimbia akirushiwa viatu. Lakini wale ndugu wawili waliruka wakasimama wima, na wengine walipowaona wamesimama, nao wakasimama. Mtu akiwa ugenini hutii chochote; hudhani ndivyo wenyeji wanavyoishi, na hataki kuwa yeye peke yake asiyejua. Mwanajeshi mstaafu alipiga saluti. Ng'ambo ya korido wanawake walifungua mlango wao na kujipanga bila hata kuuliza.

Msafara aliweka mikono nyuma, akatembea polepole kama mwalimu wa zamu mwenye vidonda vya tumbo.

"Hii ni kona au ni kiwiko?" alimuuliza fundi mmoja wa kuchomelea, jitu la watu, akionyesha shuka lake.

"Nitarekebisha, mkuu."

Mkuu! Usiku ule Msafara alilala na tabasamu hadi kwenye mto.

Mama Funguo alipoona mabweni yalivyonyooka, alisimama mlangoni akahesabu kona za mashuka kwa kidole. "Sijui umewafanyia nini wageni wangu," alisema hatimaye.

"Ni malezi tu, mama," Msafara alijibu kwa macho makavu.

"Dada yangu nimeshamtajia habari zako."

Na wageni walivyokuwa wakibadilika, waliotangulia waliwafundisha waliofuata, na ukaguzi ukawa sheria ya nyumba ambayo mwenye nyumba peke yake ndiye hakuijua.

Ndipo akaja Bibi Stesheni.

Alipanda ngazi na begi la mgongoni kubwa kiasi kwamba aliyekuwa nyuma aliona begi lenye miguu miwili. Alipofika juu hakuhema. Alijiegemeza ukutani, akasafisha koo, na kwa sauti iliyomfanya fundi baiskeli huko chini aangushe spana, akasema:

"Tahadhari, tahadhari. Mgeni aliyekuwa akisubiriwa sasa anawasili mlangoni. Tunaomba radhi kwa kuchelewa."

Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Kila siku alitaja miji, akawaita watu wapande waende, naye akabaki kwenye kibanda chake cha kioo na kikombe cha chai. Alipostaafu, mume amekwishatangulia mbele ya haki na watoto wana nyumba zao, alinunua begi na kuanza kuifuata miji hiyo, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio uleule aliokuwa akiitangaza.

"Nimewaita watu maisha yangu yote, mjukuu wangu," alimwambia Msafara wakinywa chai jikoni. "Sasa nimejiita mwenyewe."

Pensheni yake haikuwa na mbwembwe, kwa hiyo walielewana haraka. Msafara alimwonyesha duka la mikate ya jana. Bibi alimwonyesha jinsi ya kufika sokoni wakati wachuuzi wanafunga na hawataki kurudi na ndizi zilizoiva mno. Walikula pamoja, wakichekana.

"Begi lako lote hilo lina nini, bibi?"

"Nguo za kubadilisha, dawa ya magoti, na subira. Lako?"

"Soksi."

"Nimezisikia tangu mlangoni."

Jambo moja tu lilimkosesha raha. Kila jioni mwanawe alipiga simu, na bibi alikwenda kuongea karibu na dirisha, mgongo umenyooka.

"Anaona umri wangu ni wa kukaa," alieleza siku moja baada ya kukata simu. "Mwaka jana nilisahau sufuria jikoni ikaungua. Tangu hapo ananitazama kama mimi ndiye sufuria. Nilipomwambia nasafiri, ilikuwa vita. Mwisho tukakubaliana: nisafiri, lakini siku nikianza kuchanganya mambo, nikaona yasiyokuwepo, anakuja kunichukua na sitabisha. Na mimi nikitoa ahadi, nimetoa."

"Hutachanganya, bibi."

"Mungu akusikie. Bado nina miji mingi kwenye ulimi."

Kusema kweli, Msafara alikuwa amenuia kumwacha nje ya mambo ya ukaguzi. Lakini asubuhi yake ya kwanza, kifuniko kilipolia, bibi alikuwa wa kwanza kusimama, visigino vimegusana, kidevu juu. Na kitanda chake! Kilinyooka kama ubao wa kupigia pasi. Msafara alikizunguka akakosa pa kushika.

"Sema kasoro, kiranja," bibi alimwambia. "Usinionee huruma."

"Mto umeinamia kushoto, bibi."

"Mto wangu? Wewe ndiye umeinama."

Bweni zima liliangua kicheko, na kuanzia hapo bibi alitangazwa kila asubuhi kuwa wa kwanza kwa usafi, naye aliipokea heshima hiyo kwa uzito wote. Aliwafundisha wageni wapya kukunja kona. Aliwakemea wenye viatu vilivyoangalia ukuta.

Mchana, kazi zikiisha, walitoka pamoja. Bibi alitembea taratibu, akisoma majina ya mitaa kwa sauti ya kazini, na watu waligeuka kutafuta kipaza sauti kiko wapi. Mahali alipopapenda zaidi ni stesheni kuu ya mji huo. Walikaa kwenye benchi la chuma, wakagawana mkate, wakatazama treni zikiingia na kutoka.

"Anameza maneno ya mwisho," bibi alimkosoa mtangazaji wa pale. "Sikiliza. Watu watashuka pasipo pao."

Kisha aligeuka kutazama kibao kikubwa chenye jina la mji.

"Unajua, nilidhani mji huu ni mrefu zaidi," alisema. "Nilikuwa nikilitaja jina lake kwa sauti ya juu kila siku. Kumbe ni mji wa kawaida, una watu wanaokuna vichwa na mbwa wanaolala. Nimeupenda hivyohivyo."

Alinyanyuka, akaenda, akaweka kiganja juu ya kile kibao, kama mtu anayempapasa mtoto aliyekuwa akimsikia kwenye simu tu. Msafara, ambaye kwa kila jambo alikuwa na neno la kuchekesha, alikusanya makombo ya mkate na kumngoja.

Alasiri ya siku iliyofuata Msafara alikuwa juu ya paa akianika mashuka. Alisikia funguo zikipanda ngazi, lakini zilipanda polepole, bila haraka yao ya kawaida.

"Mwanangu, acha hivyo kwanza." Mama Funguo alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Mwanawe yule bibi amenipigia simu."

"Kuna nini, mama?"

"Eti mama yake anamsimulia kwamba hapa kuna kijana hupita asubuhi akigonga kifuniko cha sufuria, wageni wote wanasimama mstari kama jeshi, na kwamba yeye amekuwa wa kwanza kwa usafi siku zote. Mwanawe ameniuliza kama ni kweli. Nikamwambia, baba, hii ni nyumba ya kulala wageni, hakuna kitu kama hicho. Nikamsikia anavuta pumzi. Kisha akasema, 'Basi imeanza.' Kesho anakuja kumchukua." Alijifuta jicho kwa ncha ya shuka lililolowa. "Bibi wa watu, mchangamfu vile. Wewe unalala humu. Umewahi kuona kitu kama hicho?"

Kati yao lilining'inia shuka jeupe, na Msafara alishukuru kwamba lilikuwepo. Kundi lililosimama asubuhi lilikuwa limekwishaondoka na basi la mchana. Wageni waliokuwa wakifungua mabegi chini muda huo hawakujua lolote. Hapakuwa na shahidi. Palikuwa na neno moja la kweli la kusema, na nyuma yake begi, ngazi, simu ya kuomba nauli ya kurudi, na pwani ikibaki mahali pake bila yeye.

"Sijaona, mama," alisema.

"Nilijua." Mama Funguo alinyanyuka kwa kuegemea goti. "Maskini bibi. Maskini."

Asubuhi iliyofuata kifuniko hakikulia. Msafara alijifunika hadi kichwani na kungoja watu waamke wenyewe. Alipopita koridoni na ndoo, mlango wa bweni la wanawake ulikuwa wazi. Wote walikuwa wamelala, isipokuwa mmoja. Bibi Stesheni alikuwa amesimama kando ya kitanda chake, visigino vimegusana, shuka halina mkunjo, viatu vinaangalia mlango.

"Kengele imeharibika, kiranja?" alinong'ona, asiwaamshe wenzake.

"Leo... leo hakuna, bibi."

"Hakuna?"

Msafara aliinamisha uso kwenye ndoo na kupita. Alitembea mpaka mwisho wa korido ndipo akagundua kwamba ndoo haikuwa na maji.

Mwana wa bibi alifika mchana. Alikuwa mtu mzima wa makamo, koti zuri, mkoba wa ofisini, na uso wa mama yake uliochoka. Hakuja kwa ukali. Laiti angekuja kwa ukali. Alimsalimia Mama Funguo kwa heshima, akamkumbatia mama yake muda mrefu, akakaa naye jikoni akimshika mkono. Mama Funguo alimimina chai. Msafara alijikuta anasugua kioo cha dirisha ambacho alikuwa amekwishakisugua.

"Mama," mwana alianza, polepole na kwa sauti ya juu kidogo, kama anayeongea na mtoto au mtu wa nchi nyingine. "Unajua leo ni siku gani?"

"Ni siku uliyokuja bila kualikwa."

"Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana nikichanganya. Sijachanganya."

"Mwenye nyumba mwenyewe anasema hapa hakuna ukaguzi wowote. Haujawahi kuwepo."

"Basi mwenye nyumba hajui ya nyumbani kwake. Muulize kiranja. Yule pale anayesugua kioo mpaka kitoboke."

Wote waligeuka. Mwana aliweka kikombe chini. "Samahani, kijana," alisema kwa upole uliouma kuliko kofi. "Mama yangu anasema wewe huwa unakagua vitanda asubuhi. Kuna ukweli wowote?"

Msafara alifungua mdomo. Aliziona funguo kiunoni mwa Mama Funguo. Aliona pwani. Kisha macho yake yakakutana na ya bibi, na hapo akajua kwamba amekamatwa. Kwa miaka mingi mwanamke huyu alikuwa akizitazama kupitia kioo nyuso za watu waliopanda treni isiyo yao na wanaona aibu kusema. Aliusoma uso wa Msafara wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho: shuka la paani, neno alilolisema, na sababu yake.

Bibi hakumkemea. Alitazama chini kwenye kikombe chake, na sauti iliyomtoka haikuwa ile ya stesheni.

"Mwacheni kijana afanye kazi yake," alisema. "Labda niliota."

Mwana alifumba macho. Mama Funguo alishika tama. Bibi aliinuka, akasuuza kikombe, akakipindua vizuri juu ya kitambaa. "Nikakusanye vitu vyangu," alisema, akaanza kutembea kuelekea mlangoni.

"Hakuota."

Sauti ilimtoka Msafara kama ya kuku aliyekanyagwa, kwa hiyo alirudia. "Bibi hakuota. Ni mimi."

"Ni wewe nini?" Mama Funguo aliuliza.

"Ukaguzi. Niliubuni mimi. Nagonga kifuniko cha sufuria kubwa kabla hujafika, wageni wanasimama, napita kutazama shuka. Tangu wiki ile niliyoingia. Bibi amesema kila kitu kama kilivyo."

"Jana nilikuuliza."

"Uliniuliza, mama."

"Ukasema hujaona."

"Na kwa kweli kuona ni jambo ambalo..." alianza, maana mazoea yana taabu, kisha akamwona bibi amesimama mlangoni na akajikatiza mwenyewe. "Nilikudanganya. Nilitaka kitanda. Nilitaka umpigie simu dada yako wa pwani. Nikaona heri bibi aonekane kachanganyikiwa kuliko mimi nirudishwe nyumbani."

Huko chini fundi alikuwa akijaza upepo kwenye gurudumu, fyuu, fyuu, fyuu.

"Walikuwa wanasimama wote?" mwana aliuliza hatimaye.

"Wote."

"Watu wazima?"

"Mmoja alikuwa mwanajeshi mstaafu. Alipiga saluti."

Mabega ya mwana yalitikisika. Haikujulikana mara moja kama ni kicheko au kilio, pengine hata yeye hakujua. Alijifuta uso kwa viganja viwili na kumgeukia mama yake. "Na kweli ulikuwa wa kwanza?"

"Kila siku. Isipokuwa siku moja ya mto, na mto ulionewa."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe ukimaliza chai na kushika basi la kurudi. Mimi naondoka kesho, na siendi huko unakokwenda wewe." Kisha alirudi hadi kwenye dirisha na kusimama mbele ya Msafara, mdogo kuliko begi lake. "Na wewe. Leo asubuhi nilipokuwa nimesimama pale, uliniona."

"Nilikuona, bibi. Nikapita."

"Ulipopita nilianza kujiuliza kama kweli huwa kuna kengele. Nilisimama nikajiuliza. Sijawahi kuogopa hivyo, wala siku ya sufuria sikuogopa hivyo. Ulijua?"

Shuleni Msafara alikuwa amehojiwa na walimu, viranja, na mara moja na mkuu wa shule mwenyewe aliyelowa kwa maji ya tangi baada ya kuopoa kengele, na siku zote alitoka na jibu. "Nilijua, bibi," alisema. "Naomba radhi." Macho yake hakuyainua.

Bibi alimtazama, akaguna, akamrekebisha kola ya shati iliyokuwa imeinamia kushoto, akaenda kukaa kando ya mwanawe.

Mama Funguo alinyoosha kiganja. Msafara alivua funguo za stoo shingoni na kumkabidhi.

"Kuna kingine?" Mama Funguo aliuliza.

Mtu mwenye akili angesema hakuna. Lakini mdomo wa Msafara ulikuwa umekwishazoea mwendo na breki zimekatika.

"Sinki, mama."

"Sinki limefanya nini? Tangu uje sinki langu linang'aa kuliko sahani."

"Ndiyo hivyo. Aliyeshindwa ukaguzi alikuwa anasugua sinki. Mimi sijaligusa."

Mama Funguo alivuta pumzi kwa pua. Bibi Stesheni alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio wake.

"Na choo," Msafara aliendelea, kichwa chini.

"Na choo?"

"Na ngazi. Yule fundi wa kuchomelea alizisugua vizuri sana, hata sikumwomba arudie. Lakini mashuka, mama, mashuka nilifua kwa mikono yangu mwenyewe." Aliinua macho, akakuta wote watatu wanamtazama, akayateremsha tena. "Mengi yake."